Dawa Hujaribiwaje Kabla ya Kutufikia?



Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umeingia wilayani Biharamulo. Lilikuwa pigo la pili kwa Mkoa wa Kagera, kwani mwaka 2023 ugonjwa huo huo ulizuka wilayani Bukoba. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu 10 ndio waliohesabiwa kuwa waliugua: wawili walithibitishwa na maabara, na wanane walifariki kabla ya kupimwa, ila dalili zao na jinsi walivyokutana na wagonjwa wengine vilionyesha kuwa ni ugonjwa huo. Wote 10 walifariki dunia. Mungu awapumzishe kwa amani.

Tangu hapo kuna maswali mawili tunayoyasikia kwenye jumuiya ndogo ndogo na kwenye mabenchi ya zahanati. La kwanza: dunia imeendelea hivi, mbona hakuna dawa ya Marburg? La pili: mbona wataalamu wakija hutoa watu damu na kutaka tujaribu dawa zao, kwani sisi ni wanyama wa maabara? Mara nyingi anayeuliza ni mtu yule yule, asubuhi hili na jioni lile. Katika makala hii tunataka kuonyesha kuwa maswali hayo mawili yana jibu moja, na kwamba ni vizuri familia zetu zikalijua jibu hilo kabla mtafiti hajabisha hodi.

KUPONA SI USHAHIDI

Mtu akiugua, akanywa kitu, akapona, husema kile kitu kimemponya. Ndivyo tulivyo sote. Lakini mafua hupona kwa juma moja au mawili, uyanywee dawa usiyanywee. Homa ya malaria kwa mtu mzima aliyekulia Ngara yaweza kutulia kidogo yenyewe kabla ya kurudi. Katika siku hizo za kutulia, aliyekunywa maji machungu ya mubilizi atausifu mubilizi, aliyechanjwa chale atamsifu mganga, na aliyemeza nusu dozi ya vidonge vilivyobaki kabatini atasema vile vidonge ndivyo.

Hatuudharau mubilizi. Kwinini ilitokana na magome ya mti. Artemisinini, iliyomo ndani ya dawa ya mseto tunayotumia leo kwa malaria, ilitoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia tangu kale kutibu homa. Mtaalamu Tu Youyou na wenzake waliichuja katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Tofauti ni kwamba mimea hiyo ilipimwa: kiasi gani kinaua vimelea, kiasi gani kinamdhuru mtu, na wangapi hupona kati ya mia.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2023 kule Bukoba waliougua Marburg walikuwa 9. Sita walifariki, watatu wakapona. Hakukuwa na dawa yoyote iliyothibitishwa kuua virusi hivyo. Waliopona walisaidiwa kwa maji, kwa kutuliza homa na maumivu, na kwa uangalizi wa karibu. Sasa tufikiri kwamba wale watatu wangekuwa wamekunywa mubilizi. Leo Kagera nzima ingekuwa ikisema mubilizi unatibu Marburg, na mwezi Januari 2025 watu wa Biharamulo wangebaki nyumbani wakiuchemsha.

Si mfano wa kubuni tu. Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani. Mzee yule alikuwa mtu mpole na hatuna sababu ya kumsema vibaya. Lakini nani aliyeandika majina ya waliokunywa, akawafuata baada ya miezi sita, akahesabu waliopona na waliokufa? Walioona nafuu walitoa ushuhuda. Waliofariki hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Wapo waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakaziacha kwa sababu ya kikombe. Huo ndio ubaya wa dawa isiyohesabiwa: hata isipomdhuru mtu yenyewe, yaweza kumtenga na ile inayomsaidia.

KURA YA BENI NA BUTEMBO

Msidhani wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekingiwa na kosa hilo. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua Afrika Magharibi, kulikuwa na dawa chache sana iitwayo ZMapp. Wamisionari wawili Wamarekani waliougua Liberia walipewa, wakapona, na dunia nzima ikaandika kwamba dawa imepatikana. Hispania nayo iliiagiza kwa ajili ya Padre Miguel Pajares, wa Shirika la Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyekuwa akihudumia hospitali Monrovia. Padre Pajares alifariki tarehe 12 Agosti mwaka huo. Je, ZMapp inatibu au haitibu? Kwa watu wawili waliopona na mmoja aliyekufa hakuna awezaye kujibu.

Jibu lilipatikana miaka mitano baadaye, tena si mbali na kwetu. Mwezi Agosti 2018 Ebola ilizuka Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, miongoni mwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Kabla haijaisha mwaka 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Mwezi Novemba 2018, katikati ya ugonjwa na milio ya bunduki, taasisi ya utafiti ya Kongo inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na wenzao wa Marekani, ilianza jaribio katika vituo vya Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, na nyingine mbili zilizopewa majina ya maabara, mAb114 na REGN-EB3. Tatu kati ya hizo, yaani zote isipokuwa remdesivir, zimetengenezwa kwa mfano wa askari wa mwili wanaopigana na virusi. Askari wa mAb114 walipatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, Kongo, mwaka 1995.

Hapa tunaomba msomaji asome taratibu, maana ndipo wengi wanapokwama. Mgonjwa alipofika na kukubali kushiriki, daktari hakumchagulia dawa. Ilipigwa kura. Huyu akaangukia dawa ya kwanza, yule ya tatu, mwingine ya pili, bila kuangalia ni mtoto wa nani. Wapo wanaosema huo ni ukatili: maisha ya mtu yanachezewa bahati nasibu! Lakini tufikiri. Kama daktari angechagua mwenyewe, dawa anayoiamini angewapa vijana wenye nguvu anaotumaini watapona, au angewapa mahututi kwa huruma. Katika hali ya kwanza dawa ingeonekana nzuri kuliko ilivyo, na katika hali ya pili ingeonekana mbaya. Kura humweka kila mmoja sawa: wazee na vijana, waliowahi na waliochelewa, wote hugawanyika karibu sawasawa katika kila kundi, hata tofauti ya vifo ikionekana mwishoni, tunajua imeletwa na dawa. Sisi Wakristo hatuna sababu ya kuiogopa kura. Mitume walipiga kura kumpata Mathia.

Na hakuna mgonjwa aliyeachwa bila kitu. Kila mmoja alipewa mojawapo ya dawa nne, pamoja na maji ya mshipani, chakula na matunzo yale yale. Wengine wamesikia kwamba katika majaribio kuna watu hupewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Ni kweli hutokea, lakini pale ambapo dawa yenye uhakika ipo, kumnyima mgonjwa mahututi dawa hiyo ili kumlinganisha na wengine ni kosa, na kamati za maadili hazitakiwi kulikubali.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati iliyokuwa ikiangalia hesabu kutoka nje iliamua kwamba dawa mbili zisitolewe tena, kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi. Wagonjwa 681 walikuwa wamekwisha kuingia. Kati ya kila 100 waliopewa ZMapp, kama 50 walifariki. Waliopewa remdesivir, 53. Waliopewa mAb114, 35. Waliopewa REGN-EB3, kama 34. Dawa iliyosifiwa na magazeti ya dunia yote ndiyo iliyoachwa. Bila kura ile ya Beni na Butembo, leo hii wagonjwa wa Ebola wangekuwa wakipewa ZMapp kwa moyo safi kabisa, na watu 15 zaidi katika kila 100 wangekuwa wakizikwa.

Kuna hesabu nyingine ya jaribio lile ambayo tungependa ibandikwe kwenye kila mlango wa zahanati. Kwa wagonjwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, na wakapewa mojawapo ya zile dawa mbili nzuri, waliofariki walikuwa kama 10 au 11 tu kati ya 100. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule. Walitofautiana kwa siku za kuchelewa.

MARBURG JE?

Dawa hizo mbili ni za aina moja ya Ebola, ile iitwayo Zaire. Haziponyi Marburg, ingawa virusi hivi ni ndugu. Kwa Marburg, hadi tunapoandika, hakuna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Zipo zinazojaribiwa.

Jirani zetu wa Rwanda, ambao Ngara inatenganishwa nao na mto tu pale Rusumo, walitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wauguzi na madaktari, na 15 wakafariki. Ukilinganisha na Biharamulo ni tofauti kubwa mno. Wanyarwanda walitumia remdesivir na dawa ya askari wa mwili iitwayo MBP091, na walikuwa na vyumba vizuri vya wagonjwa mahututi. Wakati huo huo watu zaidi ya 1,700, hasa watumishi wa afya, walichanjwa kwa chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin, ambayo tayari ilikuwa ikijaribiwa kwa watu wenye afya nzuri nchini Uganda na Kenya.

Je, ni dawa zilizowaokoa, au ni matunzo, au ni kuwahi kugunduliwa? Hakuna awezaye kusema kwa hakika, kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hatuwalaumu; ndugu zao walikuwa wakifa, chanjo ipo mkononi, nao wakaamua kuwakinga wote waliokuwa hatarini bila kuwachelewesha nusu yao. Pengine nasi tungefanya hivyo hivyo. Lakini ndiyo maana Marburg ilipofika Biharamulo majuma machache baada ya Rwanda kutangaza kuwa imekwisha, hakuna aliyeweza kutuambia: dawa hii hapa, inaponya wangapi kati ya 100.

Sasa msomaji anaweza kujibu swali la kwanza mwenyewe. Marburg hutokea mara chache, hushika watu wachache, na kwa neema ya Mungu huisha upesi. Biharamulo wagonjwa walikuwa 10, na wengi walikwisha kuzikwa kabla ugonjwa haujapewa jina. Haiwezekani kulinganisha dawa kwa wagonjwa wawili. Njia pekee ni kuwa na mpango uliokwisha kukubaliwa na nchi kadhaa kabla ya ugonjwa kuja, ili wachache wa Kagera wahesabiwe pamoja na wachache wa Rwanda, Uganda au kwingineko, kwa utaratibu mmoja. Kwa sababu hiyo watafiti huja hata pasipo na mlipuko, na hilo huwatia watu wasiwasi.

JARIBIO LILILO KARIBU NASI ZAIDI

Tumeongea mengi juu ya ugonjwa wa kutisha. Lakini jaribio ambalo familia ya Ngara au Biharamulo inaweza kukutana nalo kweli si la Marburg. Ni la malaria.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka klorokwini na ule muwasho wake wa mwili mzima. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria, tukaingia kwenye SP, ambayo wengi waliiita Fansidar. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaachwa, tukaletewa dawa ya mseto, ALu. Wapo waliosema Serikali inabadilisha dawa kwa sababu ya biashara. Sivyo. Katika vituo vilivyochaguliwa nchini, watoto wenye malaria walitibiwa kwa dawa inayotumika, wakafuatiliwa kwa majuma, ikahesabiwa ni wangapi vimelea vilirudi. Idadi ilipopita kiasi, dawa ikabadilishwa. Kila mama ambaye mtoto wake alipona kwa mseto baada ya mwaka 2006 ana deni la shukrani kwa akina mama asiowajua, waliokubali watoto wao wachomwe kidole mara kadhaa.

Majaribio hayo hufanywa hivi. Mtoto mwenye malaria ya kawaida, isiyo kali, hupimwa uzito na damu. Mzazi akikubali, mtoto humeza dozi mbele ya muuguzi, na akitapika hupewa nyingine. Hurudi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha kila juma hadi siku ya 28 au zaidi, akichomwa kidole kutoa matone machache ya damu. Malaria ikirudi hupewa dawa nyingine. Hakuna mashine ya kunyonya damu, na hadithi za mumiani hazina nafasi hapa.

Mwaka 2022 jaribio kama hilo lilifanyika Karagwe, kwa watoto chini ya 200. Matokeo yake yanatuhusu sana. Walio wengi walipona. Lakini zaidi ya mmoja kati ya kila kumi walikuwa bado na vimelea siku ya tatu, wakati vilitakiwa viwe vimekwisha. Damu zilizokusanywa mwaka 2021 katika mikoa 13 zilikuwa zimekwisha kuonyesha alama ya usugu katika vimelea vya Kagera kuliko mkoa mwingine wowote, na Karagwe ndiyo iliyoongoza. Alama hiyo hiyo ilikuwa imeonekana kwanza Rwanda. Kwa maneno mengine, artemisinini imeanza kupoteza makali yake katika mkoa wetu, si katika nchi ya mbali.

Tusiogope kupita kiasi. Mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja: artemisinini hupiga haraka, na mwenzake lumefantrini humalizia polepole. Mwenzake bado anafanya kazi, kwa hiyo dozi kamili bado inaponya. Lakini kila anayemeza vidonge siku mbili na kuweka akiba ya tatu, au kugawa dozi moja kwa watoto wawili, anamwacha kimelea aliye sugu abaki hai peke yake. Dozi ni mara 6 katika siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na vizuri pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Na kama siku moja muuguzi atakuja Ngara kuomba watoto waingie katika jaribio la dawa inayofuata, ajue mzazi kwamba hicho ndicho kinachotafutwa: kujua mapema kabla mseto haujatuangusha kama klorokwini ilivyotuangusha.

HOFU INA HISTORIA

Hofu ya swali la pili haikutoka hewani, na wataalamu wanaoicheka wanakosea. Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani Robert Koch, yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Visiwa vya Ssese, Uganda, wakati malale yakiangamiza watu. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye arseniki ndani yake. Alipoona wagonjwa wanaugua tena aliongeza kipimo, na watu wapatao 20 wakapofuka. Hakuna kamati iliyokagua jaribio lile kabla halijaanza. Kambi za malale zilifunguliwa pia upande wa Wajerumani, mojawapo Kigarama, katika Kiziba, ndani ya Kagera yetu ya leo. Mambo kama hayo hayasahauliki hata pale ambapo hakuna anayekumbuka jina la dawa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa kwa majaribio walihukumiwa Nuremberg, na mwaka 1947 mahakama hiyo iliweka msingi kwamba hakuna jaribio bila ridhaa ya mtu mwenyewe. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walitoa Azimio la Helsinki. Kanisa nalo lina mafundisho yake: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2292 hadi 2295, inakubali kwamba majaribio yanaweza kusaidia kuponya wagonjwa na kuinua afya ya watu, lakini inafundisha kuwa manufaa ya wengi hayahalalishi kumtweza mtu mmoja, na kwamba hata ridhaa haitoshi kama kinachofanywa ni kiovu au kinamtia mtu katika hatari isiyo na uwiano.

Hapa Tanzania jaribio la dawa haliruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, na dawa mpya hukaguliwa pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwombeni mtafiti awaonyeshe kibali. Asiyekuwa nacho, arudi alikotoka.

Kisha mwulizeni. Dawa hii imekwisha kujaribiwa kwa nani kabla yangu? Yaweza kunidhuru vipi? Nisipokubali, nitatibiwa kama kawaida? (Lazima jibu liwe ndiyo.) Nikichoka katikati, naweza kujitoa? (Vile vile ndiyo, bila kueleza sababu.) Nikiumia, nani atanitibu na kwa gharama ya nani? Damu yangu itapelekwa wapi? Hati ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, ikibidi kwa Kihangaza au Kisubi, na asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayekubali, lakini mtoto mkubwa anayeelewa naye aulizwe. Nauli kurudishwa ni haki. Fedha nyingi za kushawishi si dalili njema. Na akina baba, tuseme wazi: mke wako akiombwa kushiriki, ridhaa ni yake, unaweza kumshauri, huwezi kumwekea sahihi.

Tuna neno pia kwa watafiti. Wengi huja, huchukua, huondoka, na matokeo huandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hayafiki Rulenge wala Nyakahura. Wazazi wa watoto wa Karagwe walistahili kuambiwa kijijini kwao, kwa Kiswahili, kile ambacho vidole vya watoto wao vilionyesha. Pale Kongo, watu waliponyimwa maelezo, uvumi ulijaza nafasi: mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, jaribio likiwa linaendelea humo humo.

Marburg ikirudi, na popo wa mapangoni wanaobeba virusi hivyo bado wapo ukanda huu, utakachoombwa kwanza si kujaribu dawa. Ni kuwahi. Homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, kutapika, kuharisha, mwishowe kutokwa damu: usimwoshe mgonjwa kwa mikono mitupu, usimpeleke kwa mganga, usingoje ndugu wa mbali wafike. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji, au piga simu 199 ya Wizara ya Afya, hailipiwi.